Nyumba ya Mjerumani shambani kwetu: tuwaache wachimbe?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Familia yetu ina shamba Muheza, upande wa kupandia Amani. Juu ya kilima kuna gofu ambalo kila mtu huliita "kwa Mjerumani": msingi wa mawe, ngazi za kupandia barazani, birika la maji lililopasuka na miti mikubwa iliyopandwa kwa mstari. Sasa wamekuja vijana na mashine ya kutambua madini. Wanasema chini pana mali ya Wajerumani, tuwape ruhusa wachimbe, kitakachopatikana tugawane nusu kwa nusu. Kaka zangu wamekwishakubali, mimi roho inasita. Nasikia nchi nyingine wataalamu huchimba nyumba za namna hii kwa ajili ya historia tu. Huwa wanatafuta nini? Na hili gofu letu lina chochote cha maana, au ni mawe tu?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Nianze na la haraka: zungumza na kaka zako leo, jembe lisiingie kwanza. Gofu lenu lina cha maana, tena huenda kingi, ila si kile wanachokitafuta hao vijana. Na namna wanavyotaka kukitafuta chao ndiyo itakayoharibu chenu kwa siku moja, na hakuna fundi wa kukirudisha.

Tuanze na hiyo mali, maana najua ndiyo iliyowavuta kaka zako. Habari ya mali iliyofukiwa na Wajerumani imeenea nchi nzima, toka Tanga hadi Songea. Kila penye ukuta wa mawe hapakosi mtu aliyesimuliwa na babu yake juu ya sanduku. Wapo wanaouza habari za rupia inayovuta mchele, wapo wanaobomoa kuta wakitafuta zebaki. Hebu tuipime habari hiyo kwa historia ya huko kwenu.

Walowezi wa Kijerumani waliingia Usambara Mashariki miaka ya 1890 kulima kahawa. Reli ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikafika Muheza mwaka 1896. Walipouona ule msitu mkubwa waliamini udongo wake una rutuba isiyokwisha. Haikuwa hivyo. Rutuba ya milima ile imo kwenye majani yanayooza juu juu. Msitu ukishafyekwa, mvua huiosha yote. Mikahawa ikadhoofika, na bei nayo ikaporomoka kwa wingi wa kahawa ya Brazil. Wengi wakakimbilia mpira, na mwaka 1913 bei ya mpira ikaanguka pia. Waliopata afueni ya kudumu ni wa mkonge kule chini, zao lililoingia nchini mwaka 1893 kwa miche aliyoiagiza Richard Hindorf kutoka Florida. Kwa hiyo bwana wa kilimani kwenu, kama alikuwa wa kahawa, yaelekea alikuwa na madeni kuliko dhahabu. Utajiri wake ulikuwa ardhi, miti, mashine na jasho la watu aliowafanyisha kazi. Hivyo havifukiwi ndani ya sanduku.

Na sarafu? Rupia ya Kijerumani ilikuwa ya fedha, uzito wake gramu 11.66, na leo thamani yake ni ya fedha hiyo pamoja na kile atakachoongeza mkusanya sarafu akipatikana. Sarafu ya dhahabu nayo ilikuwepo kweli: ya rupia 15, yenye picha ya tembo, iliyopigwa Tabora mwaka 1916 kwa dhahabu ya machimbo ya Sekenke. Lakini zilitengenezwa kama elfu kumi na sita tu, na zilipokuwa zinatengenezwa Waingereza walikuwa wanaishukia Usambara. Tanga yenyewe ilitwaliwa Julai mwaka huo huo. Mlowezi wa Muheza kupata hata moja kabla ya kuondoka ingekuwa bahati kubwa sana.

Sisemi kwamba hakuna mtu aliyewahi kufukia kitu vita ilipokaribia. Nasema mashine ile haitambui sanduku, hulia kwa chuma chochote, na nyumba ya mbao na bati iliyoporomoka huacha misumari mamia kwa mamia ardhini. Vijana watafukua kila panapolia. Jioni watakuwa na misumari, bawaba, vijiko na vipande vya bati, na kilima kitakuwa kimetobolewa kote.

Sasa umeuliza wataalamu hutafuta nini. Nitakupa mfano wa Virginia, Marekani, ambao naupenda kwa sababu nao ulizungukwa na simulizi kama gofu lenu. Ng'ambo ya mto Rappahannock, mkabala na mji wa Fredericksburg, pana shamba linaloitwa Ferry Farm. Familia ya George Washington, aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa nchi ile, ilihamia hapo mwaka 1738, yeye akiwa na miaka sita. Virginia ilikuwa koloni la Waingereza, na kazi za shamba zilifanywa na Waafrika waliokuwa watumwa. Baba alifariki mwaka 1743. Mama, Mary, alibaki akiliendesha shamba mpaka mwaka 1772 alipohamia mjini. Nyumba ikaja kutoweka, na kwa vizazi kadhaa watu wakawa wanaonyeshana kwa kidole mahali iliposimama. Hapo ndipo inapowekwa ile hadithi ya mtoto George kuukata mcheri wa baba yake, hadithi iliyoenezwa na Mason Weems baada ya Washington kufa.

Wanaakiolojia, yaani wataalamu wa kuchimba mabaki ya kale, David Muraca na Philip Levy waliongoza uchimbaji. Nyumba ya kwanza waliyoifukua ilikuwa ya zamani mno, wakazi wake walikwishaondoka kabla akina Washington hawajafika. Nyingine ilikuwa ya karne ya 19, mpya mno. Fikiria: mbili hizo, kila moja ingeweza kuwekewa kibao na watu wakapiga picha mbele yake, na wote wangekuwa wanaitazama nyumba ya mtu mwingine. Ya tatu, kwenye ukingo wa juu wa mto, ndiyo iliyokuwa yenyewe, na ilitangazwa Julai 2008 baada ya miaka mingi ya kazi.

Waliitambuaje bila jina kuandikwa popote? Kwa umri wa vitu vilivyojaa kwenye vyumba vya chini ya sakafu, na kwa jinsi vilivyolala. Chukua viko vya udongo vya kuvutia tumbaku, ambavyo kwenye makoloni ya Waingereza vilivunjika na kutupwa kila siku. Kiko cha miaka ya 1600 kina tundu pana ndani ya mrija. Kadiri miaka ilivyopita mirija ilirefushwa na tundu likapungua. Mwaka 1954 J. C. Harrington alionyesha kwamba ukipima matundu ya mirija mingi kwa ncha za keekee za ukubwa tofauti, unapata makadirio ya umri wa rundo zima. Kauri nazo zina majira yake: kila aina ina mwaka ilipoanza kutengenezwa na miaka ilipoachwa.

Barua za zamani zilisema kulitokea moto mkesha wa Krismasi wa mwaka 1740, na wengi wakaamini nyumba iliteketea. Udongo ulionyesha kwamba moto ulikuwepo ila ulishika sehemu tu. Nyumba iliendelea kukaliwa. Vikapatikana pia vijiti vifupi vya udongo mweupe, vinene kwenye ncha na vyembamba katikati, urefu wa kidole hivi. Ni vya kusokotea nywele za mawigi. Mume amekufa, kipato kimeshuka, watoto watano wanamtazama mama mmoja, na bado nyumba ile iligharamia mawigi ili wanaume wake wasishuke machoni pa mabwana wenzao. Hakuna barua iliyosema hivyo. Vijiti vile ndivyo vilivyosema, na ukivipeleka sokoni hakuna atakayevinunua.

Nimekuonyesha hayo ili uelewe jambo moja ambalo kazi yetu yote imesimama juu yake: kitu kilichochimbwa kina maana kwa mahali kilipolala. Nikueleze kwa gofu lenu. Mwaka 1904 rupia iliacha kugawanywa kwa pesa 64, ikagawanywa kwa heller 100. Tuseme chini ya saruji ya baraza, ndani ya ule mchanga uliotandazwa kabla saruji haijamwagwa, imo heller moja ya mwaka 1906. Hapo tumejua kwamba sakafu ile haikumwagwa kabla ya mwaka 1906. Kama ukuta wa nyuma umekalia tabaka lenye kipande cha sahani kilichoandikwa kwamba kimetengenezwa Ujerumani, tunajua pia kwamba si cha kabla ya mwaka 1887, kwa kuwa sheria ya Uingereza ya mwaka huo ndiyo iliyowalazimisha Wajerumani kuanza kuandika hivyo. Vitu viwili vidogo, na tayari tunazo tarehe mbili za ujenzi. Kijana akiichomoa heller ile kwa sururu na kuitia mfukoni, imebaki kipande cha shaba. Hata akija kuirudisha kesho kwa moyo mweupe, hawezi tena kusema ilikuwa juu ya mchanga au chini yake.

Ndiyo maana sisi tukienda kwenye gofu kama lenu, siku za mwanzo hatuchimbi kitu. Tunakaa na wazee, tunatembea kilima chote tukitazama chini, tunachora ramani ya kila jiwe na kila mti. Miti ile ya mstari ni ushahidi, msiikate; mstari wa miti huonyesha barabara ya kuingilia hata kama barabara yenyewe imemezwa na magugu. Baada ya hapo vinachimbwa vishimo vidogo vya majaribio, vya nusu mita kwa nusu mita, kwa umbali ulio sawa, ili kujua vitu vimejazana wapi na wapi hamna kitu. Kisha ndipo panapigwa vigingi na kamba, panagawanywa miraba, na watu wanapiga magoti na miko ya waashi, wakikwangua sentimita chache chache kwa kufuata rangi ya udongo.

Rangi ndiyo mwalimu wetu. Udongo mwekundu wa Usambara ambao haujaguswa una rangi yake. Pakichimbwa mtaro wa msingi, ukajengwa ukuta na mtaro ukafukiwa, udongo wa juu na wa chini umechanganyika, na mchanganyiko huo utaonekana hata miaka mia baadaye kama mstari mweusi mweusi kando ya mawe. Ndani ya mstari huo mwembamba ndimo tunamokuta vitu vilivyoanguka siku za ujenzi: msumari wa fundi, kifungo cha shati, kipande cha chungu cha mtu aliyeleta chakula cha mchana. Udongo wote hupita kwenye chekeche lenye matundu ya milimita sita au madogo zaidi, maana shanga haionekani kwa mwiko. Kila mfuko huandikwa mraba, tabaka na tarehe, na kila ukuta wa shimo huchorwa kabla ya kuendelea. Kazi hiyo ni ya taratibu mno, na vijana wa mashine wangeiona ni uvivu. Lakini shimo lao la dakika kumi linapita kwenye tabaka tano kwa mpigo na kuzifanya moja.

Lipo swali ambalo mngependa kulijua hata nyie: je, kweli ni nyumba ya Mjerumani? Kumbukeni yaliyotokea Ferry Farm. Mashamba ya Wajerumani yalichukuliwa na Waingereza kama mali ya adui baada ya vita, yakauzwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, na wanunuzi walikuwa Wagiriki, Wahindi, Waingereza. Kuanzia mwaka 1925 Wajerumani waliruhusiwa kurudi, wengine wakanunua upya. Mwaka 1939 vita ikaanza tena, wakakamatwa tena. Baadaye uhuru, kisha Azimio la Arusha mwaka 1967 na mashamba mengi makubwa kuingia mikononi mwa umma. Nyumba moja inaweza kuwa imepitia mikono minne au mitano, na bado kijiji kikaendelea kuiita kwa jina la bwana wa kwanza, au hata la yule aliyeogopwa zaidi.

Udongo utawatenganisha. Senti zenye tundu za Afrika Mashariki hazikai tabaka moja na heller isipokuwa kuna sababu. Chupa nazo zinasema. Ukiokota shingo ya chupa, pitisha kidole pembeni kufuata ule mshono wa kalibu. Ukikomea chini ya mdomo, mdomo ule ulimaliziwa kwa mkono wa fundi. Ukipanda mpaka juu ya mdomo wenyewe, chupa ilitoka kwenye mashine, na mashine hizo zilianza kuenea baada ya mwaka 1903. Vigae vya paa, kama vipo, vigeuzeni tu mtazame mgongoni. Vigae vingi vya pwani yetu vililetwa kutoka Mangalore, India, na vina mhuri wa kiwanda. Pigeni picha ya mhuri, kigae mkirudishe palepale kilipokuwa.

Hapa nifike kwenye jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko yote. Watu wakisikia nyumba ya bwana, macho yao yanaenda sebuleni. Mimi nikipewa muda mfupi kwenye gofu kama lenu ningeiacha sebule na kwenda jikoni moja kwa moja. Sebule ilifagiliwa kila asubuhi, na mwenye nyumba alipohama alibeba vyake vizuri. Jiko kwa kawaida lilijengwa kando, nyuma, kwa sababu ya moto na moshi. Na nyuma ya jiko, kwenye mteremko, ndiko kulikotupwa kila kilichovunjika, kilicholiwa na kilichochakaa. Shimo la taka halina unafiki. Linaonyesha mifupa ya ng'ombe au ya swala, na kama nyama ilikatwa kwa msumeno wa bucha au kwa shoka. Linaonyesha makopo ya nyama kutoka Ulaya yanavyozidi au kupungua mwaka hadi mwaka, na hapo unaweza kuuona ule mwaka kahawa ilipomtupa.

Na katikati ya sahani za maua na chupa za bia utakuta vigae vya chungu cha Kibondei au cha Kisambaa, kimeungua kitako. Hicho si cha bwana. Ni cha mpishi, au cha yaya, au cha mtu aliyepikia wenzake baada ya kumaliza kumpikia mzungu. Jina lake halimo kwenye hati yoyote ya shamba. Kwenye barua za walowezi anaitwa "boi" na basi. Chungu chake kikipatikana mahali pake, na majivu ya moto wake yakiwa chini yake, tunajua alikula nini na alikula wapi, ndani ya jiko au nje.

Watu hao walikuwa wengi. Wasambaa hawakupenda kazi za walowezi, walikuwa na mashamba yao, kwa hiyo mabwana waliwaleta Wanyamwezi na Wasukuma kutoka mbali. Mwaka 1907, katika wilaya ya Wilhelmstal, ndiyo Lushoto ya leo, serikali ya Kijerumani ilianzisha kadi: kila mwanamume alitakiwa afanye kazi ya mlowezi siku 30 ndani ya miezi minne. Kadi zilijazwa, watu wakahesabiwa kwa siku zao, lakini maisha yao ya jioni hayakuandikwa na mtu. Kwa hiyo nikiwa kwenu ningeuliza: kambi ilikuwa wapi? Tafuteni kiwanja kilichosawazishwa chini ya nyumba kubwa au nyuma ya kilima, penye mawe ya kusagia, majivu ardhini, au miembe isiyo na mpangilio iliyoota kwa kokwa zilizotupwa.

Uchimbaji wa makazi hayo ndio uliobadilisha elimu hii duniani. Kingsmill, karibu na Williamsburg huko Virginia, kazi iliyoongozwa na William Kelso miaka ya 1970 ilifunua vishimo vya pembe nne chini ya sakafu za vibanda vya watumwa. Humo walihifadhi viazi visioze kwa baridi, na pia walificha vitu vyao: vifungo, shanga, zana. Mtu aliyehesabiwa kuwa mali alikuwa na mali yake mwenyewe, chini ya mahali anapolala. Kwetu, mwanaakiolojia Sarah Croucher alikagua mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba mwaka 2003, na mwaka 2004 akachimba Mgoli, Pemba, kwenye nyumba ya mwenye shamba ya wakati wa Waomani. Vigae vya mabakuli meupe ya Ulaya yenye maua ya rangi kali havikuwa vya matajiri peke yao, watu wa kawaida mashambani waliyatumia pia. Kwa hiyo kigae peke yake hakitoshi kumtofautisha bwana na mtumwa, inabidi kutazama nyumba zilivyokaa, baraza lilielekea wapi na nani alipita mlango upi. Na hayo huonekana tu pale kila kitu kikiwa bado mahali pake.

Kuna tabaka jingine pia ambalo vijana wale hawalifikirii. Walowezi walipenda vilima vyenye upepo na maji karibu, na wakulima wa kale walipenda hivyo hivyo. Utafiti wa Robert Soper miaka ya 1960 ulipata Usambara vyungu vya aina inayoitwa ya Kwale, vya wakulima na wafua vyuma wa karne za mwanzo baada ya Kristo. Mkichimba chini ya msingi wa nyumba hiyo si ajabu mkakuta kigae chenye michoro ya mistari shingoni, cha zaidi ya miaka elfu moja na mia tano. Hapo sheria inawahusu moja kwa moja. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda majengo na vitu vya kabla ya mwaka 1863, na kuvichimba bila leseni ni kosa. Nyumba ya wakati wa Wajerumani hailindwi kwa umri wake tu, mpaka waziri aitangaze. Lakini milango na fremu zilizonakshiwa kabla ya mwaka 1940 zimo ndani ya sheria hiyo. Kwa hiyo mkiwa na mlango wa nakshi uliong'olewa hapo na upo nyumbani kwa mtu, asiuuze. Kutafuta madini nako kuna leseni yake, waulizeni vijana kama wanayo.

Mfanye nini basi? Waambieni vijana hapana, na mwenyekiti wa kijiji ajue mmesema hapana. Pigeni picha kila upande kwa simu, na kwenye kila picha wekeni fimbo yenye urefu unaojulikana. Msipande migomba juu ya msingi wala ndani ya birika, mizizi inatafuna kuta. Majani yafyekwe kwa panga, yasing'olewe. Kama kuna shimo limekwishachimbwa, msilitupie taka. Tandikeni turubai au mifuko ya saruji mitupu chini, tupieni sarafu moja ya mwaka huu juu yake, kisha lifukieni kwa udongo ule ule uliotoka. Atakayechimba hapo miaka hamsini ijayo akifika kwenye sarafu hiyo atajua mara moja kwamba tabaka lake limekatwa, na lilikatwa lini.

Kuhusu kaka zako, semeni nao ukweli: uchimbaji wa kitaalamu hauna mgawo wa nusu kwa nusu. Vitu huorodheshwa, huhifadhiwa na hubaki kwa ajili ya umma. Kinachoweza kubaki kwenu ni mahali penyewe. Hapo Sigi, njiani kwenda Amani, nyumba ya mkuu wa stesheni ya Kijerumani iligeuzwa kituo cha kupokelea wageni wa hifadhi ya msitu, na wageni wanaopanda Amani wanapita hapo. Gofu lenye historia iliyothibitishwa, lenye jiko linaloonekana na kambi ya wafanyakazi inayojulikana ilipokuwa, lina cha kumweleza mgeni. Kilima kilichotobolewa hakina.

Andikeni barua kwa Idara ya Mambo ya Kale, nakala kwa ofisa utamaduni wa wilaya na nyingine kwa idara ya akiolojia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako wanafunzi hutafuta mahali pa kufanyia mazoezi. Elezeni shamba liko wapi, ambatisheni picha, tajeni ngazi, birika na ile miti, na semeni wazi kwamba wameshakuja watu wa mashine, ili wajue kwamba jambo haliwezi kungoja. Mtafiti akija na kibali cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, na leseni ya Idara ya Mambo ya Kale, mwombeni awaonyeshe vyote viwili kabla ya kupiga kigingi. Na mkubaliane naye kwa maandishi kwamba ripoti yake italetwa kijijini, kwa Kiswahili.